Mkono Unaoshika: Kutoka Urambo Hadi kwa Roboti

Kila ninaposoma historia ya tiba huwa namtafuta mtu mmoja ambaye waandishi humpita haraka: yule anayeshika. Mpasuaji ana jina, na mara nyingine hata mgonjwa ana jina. Lakini aliyemulika taa, aliyembana mgonjwa asitikisike, aliyelitanua jeraha ili ndani paonekane, huyo anaitwa "msaidizi" tu na habari inasonga mbele. Leo tumfuate yeye, maana naamini roboti za upasuaji tunazozisikia zilianza kwa kuchukua kazi yake, siyo kazi ya daktari bingwa.

Naanzia nyumbani. Mimi nakaa Ng'ambo, hapa Tabora. Ukipanda treni ya Kigoma kuelekea magharibi unafika Urambo, nchi ya Mtemi Mirambo, yule aliyepigana na Waarabu wa Tabora mwaka 1871 na kuifunga njia ya misafara. Mwaka 1879 alifika kwake Dk. Ebenezer Southon wa London Missionary Society. Mtemi alimpokea, wakawa marafiki, naye Southon akawa anatibu watu. Mwaka 1882 bunduki ilifyatuka kwa bahati mbaya na risasi ikampiga daktari mwenyewe mkononi. Ikabidi mkono ukatwe. Sasa nani akate? Aliyefika kusaidia ni Copplestone, mmisionari wa CMS kutoka Uyui, jirani na Tabora. Hakuwa daktari. Southon alifariki Julai mwaka huohuo.

Hebu fikiria hali ile, ndugu msomaji. Elimu ya kukata imelala kitandani inaungulika, na mkono wa kukatia ni wa mtu mwingine ambaye hajazoea kazi hiyo.

Miaka mitatu kabla ya hapo, kaskazini mwa Urambo, mambo yalikuwa tofauti kabisa. Robert Felkin, mmisionari aliyesomea udaktari, alishuhudia mwaka 1879 mama akipasuliwa kujifungua huko Kahura, katika nchi ya Bunyoro. Habari hiyo aliichapisha Edinburgh mwaka 1884. Mama alinyweshwa pombe ya ndizi. Mpasuaji alikuwa na kisu, lakini hakuwa peke yake: mmoja alishika miguu, mwingine alituliza tumbo. Damu ilizuiwa kwa chuma cha moto, jeraha likafungwa kwa pini za chuma na uzi wa gome la mti. Mama na mtoto walipona. Wazungu waliosoma walikishangaa kile kisu. Mimi nashangaa zaidi ile mikono ya pembeni. Mikono haikai mahali pake namna ile kama haijafundishwa, tena siyo kwa siku moja.

Tuje kwenye upasuaji wa matundu madogo. Badala ya kupasua tumbo lote, daktari anatoboa sehemu chache, anaingiza kamera na vyuma virefu vyembamba, anatazama kwenye skrini. Mgonjwa anapona haraka, lakini kazi inakuwa ngumu. Chuma kinaegemea kwenye tundu kama mpini wa kasia kwenye ukingo wa mtumbwi: mkono ukienda kushoto, ncha inaenda kulia. Tena kila mkono wa binadamu, hata wa mtu mzima wa afya, unatetemeka kidogo, kama mara 8 hadi 12 kwa sekunde. Na kamera ameishika nani? Msaidizi, yuleyule wa siku zote. Akichoka, picha inayumba, na mpasuaji anakuwa kama kipofu.

Ndiyo maana mwaka 1994, Marekani iliporuhusu mkono wa roboti wa AESOP utumike, kazi yake ilikuwa moja: kushika kamera. Haukukata kitu. Wapenzi wa fasihi mtacheka, maana jina hilo ni la Esopo, msimulizi wa hekaya za wanyama, ambaye kwa mapokeo alikuwa mtumwa. Na neno "roboti" lenyewe limetoka kwenye tamthilia, R.U.R. ya Karel Čapek ya mwaka 1920, kutokana na neno la Kicheki lenye maana ya kazi ya shokoa. Yaani hata kwa majina tu, mashine hii imezaliwa upande wa wanaotumwa.

Roboti zilizofuata zilishika na vyuma vya kukatia. Daktari anakaa pembeni akisogeza vishikio. Kompyuta inapokea mwendo wake, inachuja ule mtetemeko wa haraka, inapunguza ukubwa wa mwendo, kisha inaupeleka kwenye ncha. Mkono wenyewe umeundwa ili pale unapopita kwenye ngozi pasivutwe huku na huku. Tarehe 7 Septemba 2001, Jacques Marescaux akiwa New York alimtoa kifuko cha nyongo mgonjwa aliyekuwa Strasbourg, Ufaransa. Elimu ng'ambo moja ya bahari, chuma ng'ambo ya pili, na safari hii vikaelewana. Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka Southon.

Lakini kuna jambo linanikera. Mama yangu mdogo alikuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji. Alishika vyuma vya kutanulia jeraha miaka mingi, na husema madaktari vijana wote aliowajua walianza kwa kusimama pembeni yake wakishika. Ukishika unaona. Ukiona mara mia, siku moja unapewa kisu. Kushika ni shule. Mashine ikishika, yule kijana anasimama wapi?

IRCAD, taasisi aliyoianzisha Marescaux, ilifungua kituo chake Kigali mwaka 2023 kufundisha madaktari upasuaji huu. Nimefurahi, kwa sababu wameanza na mafunzo. Kwetu ambako wapasuaji ni wachache, mashine inayotuliza mkono ni neema, ila haiwezi kutuliza mkono ambao haupo. Copplestone angepewa roboti bora kuliko zote, bado asingejua akate wapi.