Gharama ya Maisha katika Mississippi na katika Illinois

Mtu akitaka kujua ni mahali gani penye maisha mazuri, kwa desturi huuliza maswali mawili: Mshahara ni kiasi gani? Na chakula ni bei gani? Maswali hayo ni ya haki, lakini hayatoshi. Leo nataka kuwaelezeni habari za majimbo mawili ya Marekani, yaani Mississippi na Illinois, na habari za watu weusi waliohama kutoka jimbo la kwanza kwenda la pili, tangu mwaka wa 1916 hivi mpaka mwaka wa 1970. Watu hao walipiga hesabu hiyo kwa uangalifu mwingi, nao walihesabu mambo yasiyoandikwa katika daftari la duka.

Jimbo la Mississippi liko kusini, kando ya mto mkubwa wenye jina hilo hilo. Udongo wake wa bondeni ni mweusi na wenye rutuba, na zao lake kuu katika siku hizo lilikuwa pamba. Illinois iko kaskazini, na mji wake mkubwa ni Chicago, kando ya Ziwa Michigan. Huko kulikuwa na viwanda vya nyama na vya chuma, na reli nyingi zilikutana hapo. Majimbo yote mawili yalikuwa chini ya serikali kuu moja, na fedha yao ilikuwa moja, dola yenye senti 100. Lakini kila jimbo lilikuwa na sheria zake na desturi zake, na hapo ndipo tofauti ilipoanza.

Twende kwanza Mississippi. Utumwa ulikomeshwa katika Marekani mwaka wa 1865, lakini waliowekwa huru hawakupewa ardhi. Mashamba makubwa yalibaki mikononi mwa wazungu, na mtu mweusi asiye na nyumbu wala plau alilima shamba la mwingine kwa kugawana mavuno, mara nyingi nusu kwa nusu. Kwa kuwa hakuwa na akiba ya kumlisha mpaka pamba ivunwe, alikopa unga, nyama ya nguruwe na nguo katika duka, na mara nyingi duka lenyewe lilikuwa la mwenye shamba. Bei ya mkopo ilikuwa juu kuliko bei ya fedha taslimu, tena riba iliongezwa juu yake. Mwisho wa mwaka mwenye shamba alifungua daftari lake akasoma: pamba yako imepata kiasi hiki, na deni lako ni kiasi hiki. Mkulima akiambiwa kwamba hakubakiwa na kitu, au kwamba bado anadaiwa, hakuwa na la kusema, maana kumwambia mwenye shamba kuwa hesabu yake si ya kweli kulikuwa ni kuhatarisha uhai. Hivyo watu wengi walifanya kazi mwaka mzima wakatoka mikono mitupu.

Walakini mgeni apitaye njiani angeweza kusema ya kuwa maisha ya huko ni rahisi. Nyumba haikulipiwa kodi, ingawa ilikuwa kibanda cha mbao chenye nyufa. Kuni zilipatikana msituni, samaki mtoni, na kuku uani. Wenye kufanya kibarua cha shamba walipata senti 75 hivi kwa siku, na fedha hiyo ilinunua vitu kuliko ambavyo ingenunua mjini.

Lakini yako mambo ambayo mgeni yule asingeyaona. Katiba ya Mississippi ya mwaka wa 1890 iliweka kodi ya dola 2 kwa kila mtu atakaye kupiga kura, na mtihani wa kusoma au kufasiri katiba. Mwenye kuhukumu mtihani alikuwa karani mzungu, naye alimshinda mtu mweusi kama alivyopenda. Kwa hiyo watu weusi, ambao wakati ule walikuwa zaidi ya nusu ya wakaaji wote wa jimbo, hawakuwa na sauti. Asiye na sauti hapewi shule: watoto wao walisoma miezi michache tu, kisha waliitwa shambani kuchuma pamba. Wala hana ulinzi wa sheria: kati ya mwaka wa 1882 na 1968 watu zaidi ya 500 waliuawa katika jimbo hilo na makundi ya watu, pasipo hukumu ya korti, na karibu wote walikuwa weusi. Je, gharama hiyo utaiandika katika safu gani ya daftari?

Mlango wa kutokea ulifunguliwa kwa sababu kadha wa kadha. Fukusi wa pamba, mdudu aliyevuka kutoka Mexico akaingia Texas mwaka wa 1892 hivi, alikuwa amefika Mississippi kufikia mwaka wa 1907, akala mavuno. Kisha mwaka wa 1914 vita vilianza Ulaya, na wahamiaji wa Ulaya waliokuwa wakijaza viwanda vya Chicago wakakoma kuja. Wenye viwanda wakatafuta watu wa kusini. Tena lilikuwako gazeti la watu weusi, Chicago Defender, lililoanzishwa na Robert Abbott mwaka wa 1905. Watumishi wa treni walilichukua kusini, na huko nakala moja ilisomwa kwa sauti mbele ya watu wengi. Watu wakaliandikia barua nyingi wakiuliza habari za kazi, za nyumba, na za shule za watoto wao. Na reli ya Illinois Central ilipita katikati ya Mississippi moja kwa moja mpaka Chicago.

Hapa liko jambo la kuwaza. Wenye mashamba walisema siku zote ya kuwa wakulima hawa ni mzigo, wanakula kuliko wanavyozalisha, na madaftari yalishuhudia hivyo. Lakini watu walipoanza kuondoka, askari waliwashusha katika treni, na katika miji mingine gazeti lile lilikamatwa. Kama mkulima yule alikuwa hasara, kwa nini azuiwe asiende zake? Madaftari yalisema hivi, na vituo vya treni vilisema vingine.

Sasa twende Chicago. Katika viwanda vya nyama mtu asiye na ufundi alianza kwa dola 2 au 2 na nusu kwa siku, yaani mara tatu ya kibarua cha shamba, na fedha aliipokea mkononi. Lakini fedha hiyo haikukaa. Makaa ya mawe yalinunuliwa, maana baridi ya huko hugandisha maji ya ziwa. Koti zito lilinunuliwa. Nauli ya tramu ililipwa. Na mboga iliyochumwa bure kule nyumbani sasa iliuzwa kwa mizani.

Kilichowaumiza zaidi ni kodi ya nyumba. Wenye nyumba weupe walifanya mapatano wasiwauzie wala kuwapangisha watu weusi, hata hao wakabanwa katika sehemu moja upande wa kusini wa mji. Watu weusi wa Chicago walikuwa 44,103 mwaka wa 1910. Mwaka wa 1930 walikuwa 233,903. Mwandishi Richard Wright, mzaliwa wa Mississippi aliyehamia Chicago mwaka wa 1927, alionyesha hila iliyotumika, katika kitabu chake cha mwaka wa 1941. Nyumba ya vyumba 7 iliyopangishwa kwa wazungu kwa dola 50 kwa mwezi iligawanywa iwe makao 7 ya chumba kimoja kimoja, na kila jamaa wakatozwa dola 6 kwa juma. Hesabuni wenyewe, wanafunzi: 7 mara 6 ni dola 42, tena kwa juma moja!

Wala amani haikuwa kamili. Mwezi wa Julai, 1919, kijana mweusi aliyekuwa akiogelea ziwani alitupiwa mawe na mzungu, akazama akafa. Ghasia zilizofuata ziliua watu 38, weusi 23 na weupe 15.

Basi, kwa nini wengi hawakurudi? Kwa sababu katika Illinois mtu aliyeonewa kazini aliweza kuiacha akatafuta nyingine, pasipo daftari kumfuata. Watoto walisoma mwaka mzima wa shule, ingawa darasa lilijaa mno. Na kura ilikuwa yao: mwaka wa 1928 walimchagua Oscar De Priest kwenda katika Bunge la Marekani, mtu mweusi wa kwanza kuingia humo kutoka majimbo ya kaskazini. Katika Mississippi, hata mwaka wa 1964, watu weusi walioandikishwa kupiga kura hawakufika 7 katika kila 100 waliostahili.

Baadaye hesabu zilibadilika pande zote mbili. Mwaka wa 1944 mashine ya kuchuma pamba ilionyeshwa karibu na Clarksdale, Mississippi. Kwa saa moja ilichuma ratili 1,000, na mtu ratili 20 tu. Kazi ya mikono ikaisha, wengi zaidi wakahama. Mwaka wa 1948 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba korti zisiyatie nguvu mapatano yale ya nyumba. Mwaka wa 1965 sheria ya kulinda haki ya kura ilipitishwa. Machinjio makubwa ya Chicago yalifungwa mwaka wa 1971, na tangu miaka hiyo watu weusi wengi wamerudi kusini, ambako nyumba ni za bei nafuu, na sasa kura ni yao huko pia.

Angalieni basi: nafuu ya nyumba haikuwa na nguvu ya kumrudisha mtu mpaka sheria ilipogeuka. Wazee wetu husema, rahisi ni ghali. Mkilinganisha nchi na nchi, ulizeni bei ya unga na kiasi cha mshahara; kisha ulizeni pia ni nani ashikaye daftari, na kama mwenye kudaiwa aweza kulisoma na kulipinga bila hofu.