Ile njia ya Karura kuna mtu aliivujia damu

Hapa kwetu hakuna summer. Tuko na Januari. Mvua ya vuli imeisha, masika bado, jua linawaka, na mfuko hauna kitu juu ya Krismasi. Ndio maana Januari Karura hujaa. Nauli, kiingilio, chupa ya maji, na siku imeisha vizuri. Unatembea mpaka maporomoko, unachungulia mapango yanayokumbukwa kama maficho ya Mau Mau, unapumzika Lily Lake, jioni umeposti. Mimi pia ni wale wale. Video yangu iliyotazamwa sana kuliko zote ni ya Karura.

Chini ya hiyo video anti wangu aliandika maneno manne tu: "Sisi tulilipa kitambo, kijana."

Nikadhani ni mambo ya watu wazima. Nikampigia simu nimtanie. Nilikaa kwenye hiyo simu karibu saa nzima, na sikutania tena.

Karura ilitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1932, wakati wa mkoloni. Ni zaidi ya hekta 1,000, ndani ya jiji. Lakini kwa miaka mingi hakuna mtu wa Nairobi aliyekuambia twende tukatembee Karura. Ilikuwa msitu wa majambazi, mahali maiti hutupwa. Mama zetu walikuwa wakipita barabarani na dirisha la matatu limefungwa.

Na msitu ambao watu wanauogopa ni rahisi kuuiba. Nani atauliza? Kufikia 1998 vipande vya Karura vilikuwa vimegawiwa watu binafsi kimya kimya, miti imeangushwa, ujenzi umeanza. Hapo kando, Gigiri, ndipo yalipo makao makuu ya UNEP, shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira. Yaani dunia nzima inatuma watu Nairobi kujadili misitu, na msitu wa jirani unakatwa.

Aliyekataa ni Wangari Maathai. Wengi wetu tunamjua kama jina la kwenye kitabu cha shule, yule mama wa Nobel. Lakini Nobel ilikuja 2004. Tarehe 8 Januari 1999 hakuwa na tuzo hiyo, alikuwa na miche. Alienda Karura na wenzake wa Green Belt, wabunge kadhaa wa upinzani na waandishi wa habari. Alichotaka ni kupanda mti karibu na geti, basi. Wakakutana na kundi kubwa la walinzi wenye mijeledi na rungu. Wangari alipigwa kichwani mpaka akapasuka. Akaenda polisi kuripoti, na ile taarifa akaitia sahihi kwa damu yake mwenyewe.

Soma hiyo tena polepole. Alichovya kidole kwenye damu ya kichwa chake.

Baadaye mwezi huo huo, wanafunzi wa vyuo vikuu wakaingia barabarani kwa ajili ya Karura. Hapo ndipo anti anaingia kwenye hii stori. Alikuwa na miaka ishirini na moja, mwaka wa pili. Alikimbia moshi wa machozi na kiatu kimoja, akaangukia seng'enge, na ile alama kwenye mkono wake ambayo miaka yote nilidhani ni ya kuungua jikoni, kumbe ni ya hiyo siku. (Mimi niliacha chuo kwa sababu ya karo na uvivu kidogo. Yeye nusura aache kwa sababu ya miti. Sikumwambia hivyo.)

Agosti 1999 Rais Moi akapiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Msitu ukabaki, lakini uoga pia ukabaki. Ni miaka kama kumi baadaye ndipo Friends of Karura na huduma ya misitu walipoweka ua, na vijana wa mitaa jirani wakaajiriwa kuulinda. Wangari alifariki Septemba 2011, kwa hivyo hizi wikendi zetu za selfi na baiskeli hakuziona sana.

Swali langu kwa anti lilikuwa moja: mbona hujawahi kuja? Akasema hajawahi kuona sababu ya kulipa getini.

Januari hii nilimlipia. Tulishuka Kiambu Road, tukaingia saa tatu asubuhi kabla jua halijakasirika. Alitembea polepole, hakuongea sana. Karibu na maji akakaa kwenye benchi, akavua viatu vyote viwili. Nikatoa simu.

"Weka hiyo mfukoni," akasema. Nikaweka.