Njumu za Tunbridge

Kiswahili kina neno njumu kwa kazi ya kupachika fedha, pembe au mti wa rangi nyingine ndani ya mti, na kina neno kereza kwa kazi ya fundi azungushaye mti na kuuchonga kwa patasi hata uwe mviringo. Kazi hizi mbili hazikai pamoja kwa raha katika chombo kimoja, kwa sababu nitakayoieleza mbele. Walakini zilipatanishwa katika mji mdogo wa Uingereza, na namna zilivyopatanishwa yastahili kuandikwa kwa lugha yetu.

Mwaka 1606 kijana wa ukoo bora, Dudley North, alivumbua chemchemi ya maji yenye chuma mahali palipokuja kuitwa Tunbridge Wells, katika jimbo la Kent. Wenye mali wakamiminika kuyanywa maji hayo kwa ajili ya afya zao; na mgeni hapendi kurudi kwake mikono mitupu. Wakereza wa hapo na wa Tonbridge, mji jirani, wakapata soko la visanduku, vikombe na bakuli.

Yapata mwaka 1830 ilizuka njia mpya, ambayo husemwa kuwa ni ya ukoo wa Burrows. Fundi alichora ua juu ya karatasi ya miraba, kila mraba rangi yake. Kwa kila mraba alikata upapi mwembamba wa mti wa rangi ile, akaziunga papi hizo kwa gundi safu baada ya safu, mpaka akapata gogo ambalo ua lile limepita ndani yake toka mwanzo hata mwisho. Kisha alilikata kwa msumeno kwa mapana, na kila kipande chembamba kilitoka na ua lile lile. Rangi zilikuwa za miti yenyewe. Kijani kilitoka katika mwaloni ulioanguka msituni ukaingiwa na kuvu. Kijivu kilipatikana kwa kuuloweka mti katika maji yale yale ya chemchemi.

Wakereza nao walifunga fito za pembe tatu pamoja na fito nyingine, wakazigandisha, wakautia mganda huo kerezoni. Chombo kilichotoka kilionyesha nyota juu na milia ubavuni.

Wapo waionao kazi hii kuwa ni hila, kwa kuwa ua moja lilizaa maua mengi. Mimi siafiki. Jasho lote limetangulia katika kuunga. Msumeno huvuna tu. Edmund Nye alipeleka katika Maonyesho Makuu ya London, mwaka 1851, meza yenye vipande zaidi ya laki moja, na hapana mwenye akili awezaye kuiita kazi hiyo ya mkato. Linalonihuzunisha ni jingine: karatasi iliyobandikwa chini ya kisanduku, pale ilipo, humtaja mwenye duka, aliyeunga papi hatajwi. Thomas Barton, aliyelirithi duka la Nye, alifariki mwaka 1903, na karakana ya Boyce, Brown na Kemp ilifungwa mwaka 1927. Vyombo vingi vimehifadhiwa katika makumbusho ya mji huo.

Sasa nirudie bakuli. Mti ukikauka hupungua sana kwa mapana ya nyuzi zake, na kwa urefu haupungui ila kidogo mno. Kwa hiyo bakuli lililokerezwa katika mti mbichi huanza duara na kuishia umbo la yai. Utepe wa njumu uliozungushwa ukingoni, ambao nyuzi zake zafuata njia nyingine, hauwezi kuandamana nalo: hupasuka, au huachia gundi. Ndiyo maana mkereza wa leo atakaye njumu hulikereza bakuli kwanza likiwa nene, akaliacha likae miezi mpaka likauke na kupinda lipendavyo, ndipo akalirudisha kerezoni kulinyosha. Hapo hukata mfereji usiozidi unene wa utepe, akaulainisha utepe kwa mvuke na kuupinda taratibu, akazikata ncha zake kwa mshazari ili kiungo kisionekane. Gundi ikishika, patasi kali hupita mara moja juu ya vyote viwili.