Urithi Ndani ya Daftari

Leo nasema hasa na ninyi wa Shishiyu, mkoani Simiyu, maana somo letu la historia linahusu urithi, nanyi mtalielewa upesi mkiifikiria mifugo yenu.

Ng'ombe ni mfugo. Punda naye ni mfugo. Wote wana mwenyewe, rangi na mwaka wa kuzaliwa. Lakini ng'ombe ana lita za maziwa, na punda ana uzito wa mzigo anaoweza kuubeba. Basi tuseme "mfugo" ni mzazi, ng'ombe na punda ni watoto. Watoto hurithi sifa za mzazi, kisha kila mmoja huongeza zake.

Mwaka 1967, mjini Oslo, nchi ya Norway, mabwana wawili, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, walitengeneza Simula 67, lugha ya kuiagiza kompyuta kazi. Katika lugha hiyo aina moja ya kitu iliweza kurithi sifa za aina nyingine, kama punda arithivyo za mfugo.

Mwaka 1970 Edgar Codd, Mwingereza aliyefanya kazi katika kampuni ya IBM huko Marekani, alitoa shauri jingine: habari zote ziwekwe katika majedwali yenye mistari na safu, kama daftari la karani. Shauri hilo lilienea duniani. Lakini jedwali halijui mzazi wala mtoto. Je, vitu vyenye ukoo vitaandikwaje humo?

Mafundi walipata njia tatu. Tuzitazame kwa daftari la mifugo la kijiji.

Njia ya kwanza ni daftari moja kwa wanyama wote. Kutafuta ni rahisi. Lakini kwenye mstari wa punda, safu ya maziwa hubaki tupu, na utupu huo ni halali. Basi siku karani akisahau maziwa ya ng'ombe, daftari halitamshtaki.

Njia ya pili ni daftari la mzazi na madaftari ya watoto. La mzazi lina mwenyewe, rangi, mwaka na namba ya mnyama. La ng'ombe lina namba ileile, na maziwa tu. Hakuna utupu, wala jambo haliandikwi mara mbili. Lakini kumjua ng'ombe mmoja vizuri, lazima ufungue madaftari mawili.

Njia ya tatu ni kila aina kuwa na daftari lake kamili. Ng'ombe husomeka upesi. Lakini bwana mifugo akiuliza jumla ya wanyama wa mzee mmoja, karani atapekua madaftari yote. Akilisahau la mbuzi, hesabu itapungua, na chanjo itakayoletwa haitatosha. Mbuzi watakufa kwa kosa la daftari.

Mwaka 1986, huko Berkeley, Marekani, Michael Stonebraker alianza mradi wa Postgres, ambamo jedwali liliweza kurithi safu za jedwali jingine. Mtoto wa mradi huo huitwa PostgreSQL. Mwaka 2001 Gavin King alianzisha Hibernate, programu iliyo kama karani kati ya vitu na majedwali. Nayo humwachia fundi achague mojawapo ya zile njia tatu.

Mambo haya hayako mbali nasi. Mfumo wa DHIS2, ambao Tanzania imeutumia kukusanya taarifa za zahanati na hospitali, umejengwa juu ya Hibernate na PostgreSQL, nao husimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, katika mji uleule wa Dahl na Nygaard.

Basi, hakuna njia isiyo na gharama. Kabla ya kupiga mistari ya daftari, jiulize kwanza: ni swali gani litakaloulizwa mara nyingi, na nani ataumia jibu likikosewa?

Maswali ya darasani:
1. Taja sifa mbili ambazo mbuzi hurithi kwa "mfugo", na moja iliyo yake mwenyewe.
2. Kijiji chenu kingechagua njia ipi? Toeni sababu.