Barafu ya Kuazima: Msimu wa Kwanza wa Ligi ya Weusi, Nova Scotia, 1895

Katika mhadhara wangu wa karibuni kuhusu chimbuko la Umajumui wa Afrika, mwanafunzi mmoja aliuliza iwapo kila harakati huanza kwa maandamano. Nilimjibu kwa kisa cha mchezo ambao wengi wetu hatujauona: mpira wa magongo unaochezwa juu ya barafu.

Mwaka 1895, mjini Halifax, katika jimbo la Nova Scotia nchini Kanada, viongozi wa makanisa ya Kibaptisti na wasomi Weusi waliasisi ligi yao wenyewe. Wengi walikuwa wazao wa watu waliotoroka utumwa Marekani. Walikusudia kuwavuta vijana kanisani na kuijengea jamii yao heshima. Miongoni mwa waasisi hutajwa Henry Sylvester Williams wa Trinidad, aliyesomea sheria katika Chuo Kikuu cha Dalhousie mjini humo. Ndiye baadaye aliyeandaa Mkutano wa Umajumui wa Afrika jijini London, mwaka 1900.

Timu za mwanzo zilikuwa chache: Stanleys na Eurekas za Halifax, pamoja na Jubilees ya Dartmouth, ng'ambo ya bandari. Vipaji havikukosekana. Henry Franklyn, mlinda lango wa Jubilees, alisifika kwa kujitupa barafuni kuzuia mabao. Ligi kuu ya NHL, iliyoundwa 1917, iliwaruhusu walinda lango wake kufanya hivyo mwaka 1918.

Kilichokosekana ni uwanja. Viwanja vilikuwa mikononi mwa Wazungu, na timu za Weusi zilivipata baada ya ligi za Wazungu kumaliza michezo yao, wakati barafu imeanza kulainika. Hivyo msimu wao ulikuwa mfupi, nao hawakuwa na sauti juu ya urefu wake.

Baadaye kitongoji cha Africville nacho kilitoa timu, Sea-Sides. Katika miaka ya 1960 manispaa ya Halifax ilikibomoa kitongoji chenyewe. Ikaomba radhi mwaka 2010, wakati nyumba na kanisa vilikwisha kutoweka.

Kwa wanaharakati, somo ni kwamba taasisi yaweza kuzaliwa bila ruhusa ya mtu. Kwa watumishi wa umma mnaogawa viwanja vya wazi, kumbukeni kwamba anayeshika ufunguo wa uwanja ndiye anayepanga msimu wa wengine.