Boksi la bodi zilizokufa

Wasomaji wangu, nilikuwa kimya kidogo. Sababu ni kompyuta ya afisini kwetu, hapa Mji Mkongwe. Umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika tena, na mashine haikuwaka tena. Pawa saplai iliungua, mazabodi ikaungua, na diski ikaenda nazo. Humo mlikuwa na mahojiano ya wazee niliyoyaandika kwa miezi 2. Mmoja wao ameshafariki. Sikuwa na nakala. Kosa langu.

Sasa mkuu wangu anataka kununua kompyuta mpya 5 na ameniuliza: mazabodi ya chapa gani ni ya kuaminika?

Nikenda kwa fundi mmoja Mlandege. Hakunijibu. Alivuta boksi kutoka chini ya meza, limejaa bodi zilizokufa. "Haya mwanangu, niambie wewe chapa gani haimo humu." Nilipekua. Chapa zote kubwa zimo.

Lile boksi ni kitabu cha historia, jamani. Bodi za chini kabisa zina kapasita, vile vikopo vidogo vya duara, zilizovimba vichwa na kuvuja. Hilo halikuwa tatizo la Unguja peke yake. Kuanzia karibu 1999 hadi 2007 dunia nzima ilipata kapasita mbovu. Maji ya ndani yake yalitoa gesi, kikopo kikavimba, bodi ikafa. ABIT ya Taiwan, iliyopendwa sana na mafundi, ilikuwa miongoni mwa walioathirika mwanzo. Hata Dell, jina kubwa la maofisini, mwaka 2005 ilitenga dola milioni 300 kwa ajili ya kompyuta zake za OptiPlex. Na kapasita zake zilikuwa za Nichicon ya Japani, nchi ambayo kapasita zake ndizo zilizosifiwa kuliko zote! Jina halikumwokoa mtu.

Baadaye Gigabyte, ASUS na wenzao walihamia kwenye kapasita za polima, zisizo na maji ndani. ABIT yenyewe ilifunga biashara ya mazabodi mwishoni mwa 2008. Intel nayo ilitangaza mwaka 2013 kwamba inaacha kutengeneza mazabodi za kompyuta za mezani.

Lakini fundi alinionyesha tabaka jingine, bodi zenye alama nyeusi za kuungua. "Hizi za wakati wa giza," alisema. Mnakumbuka? Tangu 1980 Unguja ilitegemea waya mmoja wa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Mwaka 2008 tulikaa karibu mwezi mmoja bila umeme wa gridi, kuanzia Mei hadi Juni. Kisha Desemba 2009 hadi Machi 2010, miezi 3. Maofisi yakaishi kwa jenereta, umeme ukipanda na kushuka upendavyo. Waya mpya wa megawati 100, uliofadhiliwa na Marekani, ulianza kazi 2013. Giza refu likaisha, lakini kukatika kwa hapa na pale hakujaisha.

Ongeza chumvi ya bahari inayokula shaba, na joto. Mafundi wana kanuni yao: joto likipanda nyuzi 10, umri wa kapasita hupungua nusu. Na sisi kompyuta tunaibana ukutani, kwenye nyumba ya mawe isiyopitisha hewa.

Basi jibu nililompa mkuu ni hili. Chukua chapa yoyote kubwa, yenye kapasita za polima na dhamana ambayo muuzaji wa hapa hapa mjini anaiheshimu. Usinunue ile ya bei ya juu. Kinachobaki nunua UPS kwa kila mashine, pawa saplai nzuri, na diski ya pembeni ya kuweka nakala kila Ijumaa.

Amekubali mashine 4 badala ya 5, ili fedha zitoshe. Mimi ndiye niliyekosa mpya. Sawa tu. Nimepewa ile diski ya nakala niitunze.

Na wewe msomaji, kazi yako ya mwezi huu iko sehemu ngapi?