Bangi ya uani ilivyoruhusiwa Afrika Kusini

Gareth Prince alikuwa na shahada za sheria, amebakiza hatua ya mwisho tu kabla ya kuwa wakili. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya 1990. Chama cha wanasheria cha Cape kikakataa kumsajili. Alikwisha kutiwa hatiani mara mbili kwa kupatikana na bangi, na hakuficha kwamba ataendelea kuivuta: yeye ni Rastafari, na kwake ile ni ibada.

Alifika hadi Mahakama ya Katiba. Mwaka 2002 akashindwa kwa majaji 5 dhidi ya 4. Walio wengi hawakuikana dini yake. Walisema polisi hawataweza kupambanua bangi ya ibada na bangi ya starehe.

Marufuku yenyewe ni kongwe. Mwaka 1870 koloni la Natal liliwakataza bangi vibarua wa Kihindi, wengi wao wa mashamba ya miwa, kwa hofu kwamba ingewalegeza kazini. Mwaka 1922 marufuku ikaenea nchi nzima, na mwaka uliofuata serikali ya Afrika Kusini ikaliandikia Shirikisho la Mataifa ikitaka bangi iwekwe kundi moja na kasumba. Misri nayo ikashikilia hapohapo, na mkataba wa Geneva wa 1925 ukaibana bangi kimataifa. Tukumbuke basi: madai hayo yalitoka Afrika kwenda Ulaya.

Prince hakukata tamaa, ila safari ya pili alibadili hoja. Badala ya kuomba waumini wafunguliwe mlango wao, yeye na wenzake, akiwemo Jeremy Acton, waliuliza serikali inatafuta nini ndani ya nyumba ya mtu mzima. Machi 2017 Jaji Dennis Davis na wenzake wa Mahakama Kuu ya Western Cape wakawakubalia. Serikali ikakata rufaa. Tarehe 18 Septemba 2018 Jaji Raymond Zondo alisoma hukumu ya Mahakama ya Katiba, na safari hii hakuna jaji aliyepinga: mtu mzima ana haki ya kutumia, kuwa nayo na kuotesha bangi yake mwenyewe faraghani. Mahakama Kuu ilikuwa imeishia kwenye makazi. Zondo akapanua hadi mahali popote pa faragha. Kuuza kukabaki kosa.

Idadi ya miche hakuitaja. Kazi hiyo aliliachia Bunge, akalipa miezi 24. Bunge lilijikokota hadi Rais Cyril Ramaphosa akasaini sheria tarehe 28 Mei 2024, siku moja kabla ya uchaguzi mkuu, na hata hapo haikuanza kutumika siku hiyo, ilisubiri kanuni.

Kwa maoni yangu, aliyeshinda ni mwenye ua. Anayelala chumba cha kupanga, mlango kwa mlango na majirani, hana pa kuotesha. Na huko Pondoland, Eastern Cape, familia zimelima bangi ya kuuza kizazi hadi kizazi, na helikopta za polisi zilikuwa zikinyunyizia mashamba yao sumu. Sheria mpya inamruhusu mtu mzima kumpa mwenzake bangi bure. Mkulima wa Pondoland akipokea hata senti moja, bado ni mhalifu.